Kupangusa si Kupata: Ulinganishi wa Malighafi za Vijiti vya Kuchukulia Sampuli za Bakteria

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha malighafi zinazotumiwa kutengenezea vijiti vya kuchukulia sampuli za bakteria kwenye nyuso ngumu, kama vile meza za chuma, vigae na mitambo. Malighafi zinazoshughulikiwa ni pamba, rayoni, poliesta, alginati ya kalsiamu, sponji na nailoni. Inabainishwa kwamba kila malighafi ina uwezo wake wa kuwaokota bakteria na wa kuwaachilia, na kwamba hakuna kijiti kinachowapata wote. Kwa hivyo, makala yanashikilia kuwa kauli ya maabara kwamba bakteria "hawakupatikana" haifai kufasiriwa, wala kutafsiriwa, kama "hawapo".

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kimya kikuu kina mshindo mkuu. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa watu, lakini yaweza kuelekezwa pia kwa meza iliyopanguswa ikang'aa. Jicho halioni kitu juu yake, ilhali baadhi ya bakteria wanaosumbua wadi za hospitali huweza kuishi kwenye nyuso kavu kwa majuma, hata miezi. Ili kujua kama wapo, mkaguzi huchukua kijiti chenye kichwa laini, akakilowesha, akapangusa eneo lililopimwa, kisha akakipeleka maabarani.

Mbinu hii ni ya zamani. Mwaka 1917, nchini Marekani, Manheimer na Ybanez walichapisha uchunguzi wao kuhusu uoshaji wa vyombo vya kulia, na hao ndio hutajwa mara nyingi kuwa waanzilishi wa upimaji wa nyuso kwa njia ya kupangusa. Tangu wakati huo, mbinu yenyewe imeenea katika viwanda vya vyakula, hospitali, na hata vyumba vya kuundia vyombo vya angani.

Katika Kiswahili cha kila siku, chombo hiki huitwa kijiti cha pamba. Jina hilo lilizidi kusikika mwaka 2020, wakati ambapo watu wengi walipimwa korona kwa kuingizwa kijiti puani. Ni jina linaloeleweka upesi, ila lina walakini mmoja: si kila kijiti kina pamba. Vingi kati ya vijiti vilivyotumiwa kupimia korona vilikuwa na vichwa vya nyuzi za kutengenezwa viwandani. Jina linapotaja malighafi moja kwa niaba ya zote, tofauti za malighafi hizo hufichika, na ni tofauti hizo ambazo mara nyingine huamua kama ugonjwa utagunduliwa au utapita. Katika makala haya, chombo chenyewe kitaitwa kijiti cha sampuli, na sehemu yake inayopangusa itaitwa kichwa.

Safari ya bakteria hadi sahanini

Yamkini kosa kubwa katika kufasiri matokeo hutokana na dhana kwamba kijiti huvuta bakteria kama sumaku ivutavyo misumari. Hali si hiyo. Kijiti cha sampuli kina kazi mbili, na kazi hizo zinakinzana. Kwanza, sharti kichwa kiwaokote bakteria kutoka kwenye uso walikong'ang'ania. Pili, sharti kiwaachilie ndani ya majimaji ya maabara. Majimaji hayo humiminwa kwenye sahani yenye agari, yaani lishe iliyogandishwa, ambamo kila bakteria hai, au kila kishada cha bakteria walioshikamana, hukua na kuwa koloni inayoonekana kwa macho. Koloni hizo ndizo zinazohesabiwa.

Mkinzano wa kazi hizo mbili unaweza kuelezwa kwa mfano wa utambi. Mtu aliyewahi kuwasha kibatari anajua kwamba utambi hunyonya mafuta upesi, lakini kuukamua mpaka uyatoe yote ni muhali. Kichwa kinachonyonya vizuri huenda kikawa mateka mzuri pia: bakteria huingia katikati ya nyuzi na kubaki humo humo. Kichwa kisichonyonya, kwa upande wake, huenda kisiwabebe tangu mwanzo.

Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba uso una bakteria 1,000. Kichwa kinaokota 600 na kuachilia nusu yao, yaani 300. Iwapo sehemu moja kwa kumi ya majimaji ndiyo inayomiminwa sahanini, koloni zitakazoonekana ni 30 hivi. Sasa ichukuliwe kwamba uso ulikuwa na bakteria 20 tu. Kwa hesabu iyo hiyo, wataokotwa 12, wataachiliwa 6, na katika sahani huenda isionekane hata koloni moja. Ripoti itaandika sufuri, ingawa usoni wangalipo bakteria wanane ambao kijiti hakikuwagusa. Ni bayana, basi, kwamba sufuri ya maabara na sufuri ya uso wenyewe ni mambo mawili tofauti.

Malighafi na tabia zake

Pamba ndiyo kongwe miongoni mwa malighafi hizi. Nyuzi zake ni selulosi, hupenda maji, na huzungushwa kwenye ncha ya kijiti zikawa kama bumba dogo. Pamba ni rahisi na hupatikana kila mahali. Hata hivyo ina dosari mbili. Mosi, huwanasa bakteria ndani ya bumba hilo. Pili, ikiwa haikusafishwa vizuri, huwa na asidi za mafuta ya asili ambazo huweza kuwadhuru bakteria dhaifu. Kwa sababu hiyo, baadhi ya watengenezaji waliwahi kuitia makaa ili yafyonze asidi hizo. Kijiti chenyewe nacho, kikiwa cha mbao, huweza kutoa kemikali zinazovuruga vipimo.

Rayoni ni jamaa ya pamba, kwa kuwa nayo ni selulosi. Tofauti ni kwamba selulosi hiyo hutolewa kwenye miti, ikayeyushwa na kuundwa upya kuwa nyuzi. Poliesta hutokana na mazao ya petroli, wala haipendi maji jinsi pamba iyapendavyo. Zote mbili hazina mafuta ya asili ya pamba, na hilo ni jambo la kupendeza kwa bakteria dhaifu. Hata hivyo, vichwa vyake vya kawaida huzungushwa kama vya pamba, kwa hivyo tatizo la bakteria kunaswa ndani halikuondoka.

Alginati ya kalsiamu hutengenezwa kutokana na mwani wa kahawia, na ilibuniwa kama jibu la moja kwa moja kwa tatizo hilo la kunasa. Ikiwa kichwa hakitaki kuwaachilia bakteria, basi na kiyeyuke. Kikitiwa katika mmumunyo wa sodiamu heksametafosfeti, kichwa hutoweka chote na bakteria hubaki wakielea. Fikra hii ni ya werevu, lakini ina gharama yake. Kemikali ya kuyeyushia huweza kuwazuia baadhi ya bakteria kukua, na alginati yenyewe huvuruga vipimo vinavyotegemea kuzidisha jeni. Ndiyo maana vijiti vya alginati na vile vya mbao vilikatazwa katika upimaji wa korona.

Sponji, hasa ile ya poliurethani, haina nyuzi za kuzungushwa. Ina vitundu vingi vilivyo wazi, hushika majimaji kwa wingi, na ikibanwa au kutikiswa huyatoa kwa urahisi. Isitoshe, ukwaruzo wake kidogo husaidia kuwang'oa bakteria usoni, mithili ya dodoki linavyong'oa uchafu mwilini. Kwa maeneo mapana hutumiwa sponji kubwa za selulosi zenye mpini.

Nailoni iliyosimikwa ndiyo ngeni zaidi. Ililetwa sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kampuni ya Copan kutoka Brescia, Italia. Badala ya kuzungusha nyuzi, watengenezaji hupaka gundi kwenye ncha ya kijiti, kisha hurusha vipande vifupi vya nailoni vikiongozwa na umeme ili visimame wima, mfano wa malaika ya mahameli. Kichwa cha namna hii hakina kiini cha kufichia majimaji. Bakteria hukaa karibu na nje, na hivyo huachiliwa upesi. Dosari yake kubwa ni bei, kwani ni ghali kuliko pamba.

Somo la Wallingford

Ulinganishi huu ungeweza kubaki mjadala wa maabarani kama si matukio ya mwaka 2001 nchini Marekani. Mwezi wa Septemba na Oktoba mwaka huo, barua zenye unga wa spora za kimeta zilitumwa kwa njia ya posta. Watu 22 waliambukizwa na 5 kati yao wakafa. Spora ni hali ya usingizi ambayo bakteria wa kimeta hujifungia ndani yake, akastahimili ukavu kwa miaka mingi. Vituo vya posta vilivyopitisha barua hizo, au vilivyoshukiwa kuwa vimechafuliwa, vililazimika kukaguliwa.

Mojawapo ya vituo hivyo kilikuwa Wallingford, katika jimbo la Connecticut. Sampuli za kwanza zilichukuliwa kwa vijiti vikavu, na majibu yakawa kwamba kimeta hakikupatikana. Tarehe 21 Novemba 2001, mama mmoja mwenye umri wa miaka 94 aliyeishi katika jimbo hilo alifariki kwa kimeta cha mapafu. Ukaguzi ulirudiwa. Wakaguzi walipotumia vitambaa vilivyoloweshwa na mashine za kufyonza vumbi zenye machujio laini, spora zilipatikana kwenye mashine za kupangia barua. Sampuli moja ilikuwa na takribani spora milioni 3.

Linalostahili kuzingatiwa hapa ni kwamba sampuli za awali hazikudanganya. Zilisema kwamba vijiti vikavu havikupata kitu, na kweli havikupata. Kosa lilikuwa katika hatua iliyofuata, pale "havikupata" ilipogeuka kuwa "hakuna". Mwaka 2005, Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya Marekani ilitoa ripoti iliyosema kwamba mbinu za kuchukulia sampuli zilizotumiwa katika mkasa ule hazikuwa zimethibitishwa, na kwa hivyo majibu ya kutopatikana kwa kimeta hayangeweza kuaminiwa kikamilifu.

Vipimo vinavyosema

Mkasa huo uliwachochea wataalamu kupima vijiti vyenyewe. Mwaka 2004, watafiti wa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, wakiongozwa na Laura Rose, walichapisha ulinganishi wa vichwa vya aina nne: pamba, sponji, poliesta na rayoni. Waliweka idadi inayojulikana ya spora za kimeta kwenye vipande vya chuma, wakapangusa kwa vijiti vikavu na vilivyoloweshwa, kisha wakajaribu njia mbalimbali za kuzitoa spora vichwani: kutikisa kwa mashine ya kuzungusha kwa kasi, kutumia mawimbi ya sauti, na kutikisa kidogo tu.

Sponji iliyoloweshwa na kutikiswa kwa mashine ilirejesha wastani wa asilimia 43.6 ya spora. Pamba iliyotendewa vivyo hivyo ilirejesha asilimia 41.7. Poliesta na rayoni ziliachwa nyuma kwa mbali. Vijiti vikavu vilishindwa na vilivyoloweshwa, na mawimbi ya sauti yalishindwa na mashine ya kutikisa. Baadaye, kituo hicho kilipoandaa taratibu za kuchukulia sampuli za kimeta kwenye nyuso laini, sponji ndiyo iliyochaguliwa kwa ajili ya vijiti.

Utafiti mwingine ulitokana na masuala ya anga. Vyombo vinavyotumwa kwenye sayari nyingine hupanguswa na kupimwa ili visipeleke bakteria wa dunia huko, na kwa miongo mingi shirika la NASA lilitegemea vijiti vya pamba. Mwaka 2010, Probst na wenzake walichapisha ulinganishi wa utaratibu huo na taratibu mbili za vijiti vya nailoni iliyosimikwa. Walitumia spora za bakteria asiye na madhara. Taratibu za nailoni zilirejesha asilimia 45.4 na 49.0 ya spora, ilhali utaratibu wa pamba ulirejesha asilimia 13.2.

Msomaji makini ataona jambo la ajabu hapa. Katika utafiti wa kwanza, pamba ilirejesha asilimia 41.7, katika wa pili, utaratibu wa pamba ulirejesha asilimia 13.2. Je, ni pamba ipi ya kweli? Zote mbili. Spora zilikuwa za bakteria tofauti, na hatua za maabara zilitofautiana pia: utaratibu wa NASA hutumia mawimbi ya sauti, njia ambayo katika utafiti wa 2004 ilishindwa na mashine ya kutikisa. Kwa hivyo, swali la "malighafi ipi ni bora?" halijakamilika mpaka lifuatwe na maswali mengine: ililoweshwa kwa nini, ilipangusa uso gani, na ilitikiswa vipi? Malighafi ni mwenza katika kazi hii. Si mtendaji wa pekee.

Jambo jingine lililo muhimu vilevile ni kwamba hata washindi wa tafiti hizi hawakufika nusu. Katika mazingira ya maabara, ambapo uso ni safi, spora zimehesabiwa na mkono unaopangusa ni wa mtaalamu, kijiti bora kiliacha nje zaidi ya nusu ya kilichotafutwa.

Uso, majimaji na mkono

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mkaguzi naye hana budi kuinama kwa namna tatu. Kwanza, huzingatia uso. Chuma laini huachilia bakteria kwa urahisi kuliko ubao wa kukatia nyama uliojaa mikwaruzo. Aidha, bakteria waliojijengea utando wa ute unaowafunika huwa wagumu kung'oa kuliko waliotua jana.

Pili, huzingatia majimaji ya kuloweshea. Ikiwa meza ilisuguliwa kwa dawa muda mfupi uliopita, mabaki ya dawa hiyo hupanda kijitini pamoja na bakteria na kuendelea kuwaua njiani. Sahani itakuwa tupu, na usafi utasifiwa usivyostahili. Ili kuepuka hali hiyo, majimaji hutiwa viambato vya kuzima makali ya dawa: sodiamu thiosulfeti dhidi ya klorini, lesithini na polisobeti 80 dhidi ya baadhi ya dawa nyingine. Kiwango cha kimataifa cha ISO 18593, kilichotolewa mwaka 2004 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2018, kinashughulikia masuala ya aina hii kwa upande wa vyakula.

Tatu, huzingatia mkono. Eneo hupimwa, mara nyingi sentimita 10 kwa 10, likapanguswa kwa mwelekeo mmoja, kisha kwa kulikata, huku kijiti kikizungushwa ili kila upande wa kichwa uguse uso. Wakaguzi wawili wenye vijiti vya aina moja, mmoja akikandamiza na mwingine akigusagusa tu, hawataleta hesabu moja.

"Hawapo" na "hawakupatikana"

Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuuliza suala hili linamhusu vipi. Linamhusu kwa kuwa ripoti za afya hutafsiriwa, hufupishwa na kutangazwa, na anayefanya kazi hiyo aghalabu ni mtu wa lugha. Kiswahili kimejaaliwa njia bayana ya kutofautisha mambo mawili ambayo sayansi inataka yatofautishwe. Kitenzi "patikana" kina mnyambuliko wa kauli ya kutendeka. Kinapokanushwa katika wakati uliopita, "hawakupatikana", kinadokeza kwamba palikuwa na utafutaji, kwamba utafutaji huo ulifanywa wakati fulani, na kwamba haukufaulu kuwafikia waliotafutwa. "Hawapo" na "hakuna", kwa upande mwingine, hukanusha kuwepo kwenyewe. Hazimkumbushi msikilizaji kwamba palikuwa na mtafutaji wala chombo cha kutafutia.

Mtafsiri anayeandika "hakuna bakteria" mahali ambapo maabara ilisema "hawakupatikana" hajafupisha sentensi, amebadilisha ushahidi. Huko Wallingford, uteuzi wa maneno uliongeza uzito wa tatizo lenyewe. Wafanyakazi waliambiwa mwanzoni kwamba kilichopatikana kituoni kilikuwa kiasi kidogo mno, na ile idadi ya milioni 3 walikuja kuijua mwaka 2002. Neno lililochaguliwa lilipunguza ukubwa wa jambo, na waliopunguziwa ni wale wale waliokuwa wakizigusa mashine.

Tafsiri aminifu huibeba mbinu pamoja na jibu. Badala ya kuandika "jikoni hakuna bakteria hatari", ripoti inaweza kuandika: "Bakteria waliotafutwa hawakupatikana katika sampuli 5, zilizochukuliwa kwa vijiti vya sponji vilivyoloweshwa, kila kimoja kwenye eneo la sentimita 100 za mraba." Sentensi hii ni ndefu, lakini kila neno lake lina kazi. Inamwezesha msomaji kujua kimya hicho kina uzito gani.

Kwa mintarafu hiyo, hata istilahi "kijiti cha pamba" inastahili kutazamwa upya katika maandishi ya kitaaluma. Si lazima itupwe, kwa kuwa umma umekwisha kuizoea. Lakini pale ambapo malighafi ni sehemu ya hoja, ni heri kutaja chombo kwa kazi yake, "kijiti cha sampuli", kisha malighafi ikatajwa kama sifa: kijiti cha sampuli cha nailoni, cha sponji, cha pamba. Hivyo ndivyo lugha itakavyoacha kuficha kile ambacho maabara inajitahidi kukifichua.

Hitimisho

Imebainika kwamba pamba ni rahisi lakini hunasa. Rayoni na poliesta hazina mafuta ya pamba lakini zilirejesha spora chache. Alginati huyeyuka lakini huvuruga baadhi ya vipimo. Sponji na nailoni iliyosimikwa huachilia vizuri zaidi, ingawa nayo matokeo yake hutegemea kuloweshwa, kutikiswa na mkono wa mpangusaji. Atakayechagua kijiti hana budi kuanza na swali la anachokitafuta, uso anaoupangusa na kipimo kitakachofuata, ndipo atazame bei.

Kwa upande wa mtu wa lugha, wajibu wake ni mwepesi kuutaja na mzito kuutimiza. Anapokuta maabara imesema "hawakupatikana", aliache neno hilo lilivyo, na kando yake aandike walitafutwa kwa nini. Huenda afya ya anayeitegemea meza hiyo ikawa imeshikwa na neno hilo moja.